Pishi kwa Mkono wa Nani

Kwanza mjue benchi ni langu. Nalisema mapema kwa sababu wanaolikalia wameshaanza kuliita la kwao. Liko Nyakabanda, hapa Kigali, pale barabara ya mawe inapoungana na ya lami, mbele ya duka la cherehani la Usumani, na mimi Kaliza ndiye ninayelifuta asubuhi na kulifunga mnyororo nikimaliza kazi. Nauza kahawa. Nimekulia Karagwe, upande wa Tanzania, na kahawa niliijua kabla ya kujua kusoma, kwa hiyo mtu akiniambia kahawa yangu nyepesi namwambia akanywe maji. Jioni hiyo ilikuwa ya mwisho ya Ramadhani. Mwezi ulikuwa umetangazwa, waliofunga walikuwa wameshafuturu, na kwenye benchi walikaa wawili tu, lakini lilikuwa limejaa, maana mmoja wao ni Kubwimana, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye anakaa nafasi ya watu wawili. Tunamwita Sepetu kwa ajili ya mikono yake. Ni Mkatoliki, hafungi, ila futari haimpiti. Wa pili ni Rutayisire, mjenzi aliyekulia Uganda. Yeye tunamwita Futi, na sababu yake inakuja. Usumani mwenyewe hakuwa amekaa. Alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake, mkono kiunoni, kikombe nilichompa kimepoa bila kuguswa.

— Leo haondoki mtu hapa, alisema, mpaka tujue pishi ni kiasi gani.

Usumani ni mpole. Kiswahili chake amekirithi kwa babu yake aliyekuja huku na biashara ya nguo kutoka pwani, basi hata akikugombeza unasikia kama anakuombea dua. Nilipomsikia anatoa amri nikaweka birika chini.

Nyuma yake kibarazani kulikuwa na magunia ya mchele. Kwa asiyejua: kabla ya sala ya Idi, kila Mwislamu mwenye uwezo anatoa pishi moja ya chakula kwa kila mtu aliye chini ya paa lake, ili maskini asiamke na njaa siku ya sikukuu. Hiyo ndiyo fitri. Mtaani kwetu mchele huo unakusanywa kwa Usumani, na yeye anaugawa, pishi kwa kila mtu. Kazi hiyo aliachiwa na baba yake. Na pishi yenyewe hapa kwetu inapimwa kwa mikono: unaunganisha viganja, unachota mara nne, basi.

— Pishi si unaijua, mzee? Futi akasema. Kila mwaka unapima.

— Kila mwaka tunapima, na mwaka jana mchele uliisha kabla ya nyumba ya mwisho.

Sote tulikuwepo. Nyumba ya mwisho ni ya Bibi Mukunde, ng'ambo ya lami, ukishuka kidogo bondeni. Asubuhi ile ya Idi bibi alikuja na beseni lake, jipya, akasubiri pembeni kwa adabu mpaka wenzake wote wakapewa. Zamu yake ilipofika, gunia lilikuwa linakung'utwa.

— Mnajua aliniambia nini? Usumani akauliza. Alinipa pole. Mimi. Alisema, pole mwanangu kwa kazi. Akaweka beseni kichwani, akaondoka. Mwaka mzima pole ile inanikaa hapa kooni. Sitaki kupewa pole tena. Kwa hiyo semeni, mchele ulikwenda wapi?

Ungewauliza watu hawa mshona kiatu yuko wapi wasingekujibu. Lakini swali gumu wanalipenda. Futi akavuta kikombe.

— Mwizi huyo.

— Mwizi wa mchele wa fitri?

— Basi panya.

— Gunia lililala dukani kwangu usiku mmoja tu, Futi. Panya wa kula mchele wa nyumba nzima kwa usiku mmoja, huyo si panya tena, huyo ni mpangaji.

Sepetu alikuwa anatafuta nafasi ya kuingia. Kiswahili chake ni cha hapahapa Kigali, kinapita njia za mkato na kufika.

— Mimi nasema ni muchele yenyewe. Muchele ya Bugarama iko nzito, inashuka chini. Ile ya Tanzania iko nyepesi, inapanda juu. Ukichanganya, inapotea katikati.

— Inapotea kwenda wapi? nikamuuliza.

— Katikati, mama. Nimekwisha sema.

— Wacheni mchele, Futi akasema. Shida ni mlima. Hapa tuko juu. Kitu kikikaa juu kinapungua uzito. Mimi nimejenga kila mahali, nawaambia kitu nilichokiona. Mchele ulionunuliwa bondeni, ukiupandisha Nyakabanda, si uleule.

— Mimi nimepandisha maji kutoka bondeni miaka yote ya shida ya maji, nikamwambia, na kadiri nilivyopanda ndivyo dumu lilivyokuwa zito. Hiyo elimu yako ya mlima ipeleke kwa wanaopanda kwa gari.

Alicheka, lakini hakuacha. Futi haachi. Akasimama, akaanza kupima kibaraza kwa viatu vyake, kisigino kwa kidole, anahesabu kimoyomoyo.

— Tunatengeneza sanduku la mbao, akasema. Futi moja huku, futi moja huku, futi moja kwenda juu. Tunalijaza mchele. Hicho ndicho kipimo. Hakina ubishi.

— Futi ya mguu wa nani? nikauliza.

— Futi ni futi, dada.

Sasa sikilizeni kwa nini tunamwita hivyo. Nilipotaka paa dogo la kuwakinga wateja wangu na mvua, nilimwambia huyu Rutayisire, mbili kwa tatu. Mimi shule nilisoma mita, nikajua nimeagiza paa la kutosha benchi na jiko. Yeye alikulia kwenye ploti za hamsini kwa mia na milango ya inchi, akajua nimeagiza futi. Hakuuliza, sikuuliza. Aliniletea kibati cha kufunika birika. Nikamwuliza wateja watakaa wapi, akaniambia, dada, mbili kwa tatu ulisema mwenyewe. Mvua ikinyesha birika langu linakaa vizuri sana pale chini, na watu wanakimbia.

— Sanduku sitaki, Usumani akasema. Wazee wametufundisha mikono. Ila wamesema iwe mikono ya mtu wa wastani. Si mikubwa mno, si midogo mno. Nadhani hapo ndipo tulipokosea. Tutafute mtu wa wastani.

Hapo benchi likachangamka. Futi akanyoosha viganja vyake chini ya taa ya duka.

— Mimi hapa. Wastani huu.

— Wewe mufupi, Sepetu akamwambia.

— Mkono na kimo wapi na wapi? Na wewe hiyo mikono ukiifumba inaingia mbuzi.

— Mzee Usumani apime yeye, nikasema.

Usumani akatazama viganja vyake mwenyewe. Vidole vya fundi cherehani, vyembamba, virefu, gumba limepinda kwa mkasi.

— Mikono yangu imekauka. Zamani ilikuwa minene zaidi. Sasa ya zamani ndiyo ya wastani, au ya sasa?

Futi akapata jibu.

— Tungoje umuganda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanaume wote wa mtaa wanatoka kufanya usafi, sivyo? Tunawapanga mstari, kila mmoja anachota mchele, tunamchukua yule wa katikati. Huyo anakuwa mkono rasmi wa Nyakabanda.

— Idi ni kesho asubuhi, Usumani akasema.

— Kwa mwaka ujao basi.

— Na akihama? nikauliza. Akipata kazi akahamia Remera, tutamfuata na gunia?

— Atasaini kwamba hahami.

— Akinenepa?

— Hataruhusiwa.

— Akifa?

Futi akafikiri. Sepetu ndiye aliyejibu, na alijibu kwa moyo mweupe kabisa.

— Mimi naweza chomea mukono ya chuma. Tunachukua kipimo yake mbele hajakufa.

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa ya mtu. Usumani hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa gunia kama mtu anayezuia mlango.

— Nyinyi mnacheza, akasema. Kesho bibi yule atakuja na beseni.

Ndipo akatokea Mukashema. Huyu ni mhudumu wa afya ya jamii wa mudugudu wetu, yaani nyumba za upande huu wa lami. Tulimchagua wenyewe, na tangu tumchague hatuna amani: ukikohoa mara mbili yuko mlangoni. Anapita nyumba hadi nyumba kupima watoto, na begani alikuwa na mfuko wake wenye mizani, ile ya duara yenye mshale, inayoning'inizwa juu na mtoto anavalishwa kaptula ya kitambaa anabembea chini. Nikamkaribisha kikombe. Akasimama, hakukaa, akasikiliza habari ya mkono wa chuma mpaka mwisho.

— Mmemaliza? akauliza.

— Bado, Futi akasema.

— Mzee Usumani, mizani ninayo hapa. Mchele unao hapo. Mnatafuta nini kwenye viganja vya watu?

— Mwanangu, ile ni ya watoto. Na fitri ni ibada. Kilo ni mambo ya dukani na serikalini. Pishi ni ya dini.

— Imamu wenu alitangaza nini juzi? Mimi ni Mpentekoste na kipaza sauti kilinifikia mpaka jikoni.

Usumani akashusha sauti.

— Alisema kilo mbili na nusu.

— Basi?

— Alisema ili kurahisisha.

— Na kurahisisha ni dhambi tangu lini?

Futi akaingia kati, maana hakupenda kuona mita na kilo zinashinda bila yeye kupigana.

— Hiyo kilo ilianzia Ufaransa. Mzee, Wafaransa walifunga Ramadhani lini?

— Na saruji ilianzia wapi, Futi? Mukashema akamgeukia. Mbona unainunua kwa kilo hamsini? Nenda kawaambie wateja wako saruji ni viganja mia.

Futi akanywa kahawa.

— Nikuambieni kitu, Mukashema akaendelea, na sasa hakuwa anatania. Kuna mtoto nampima, huku juu. Mama yake anasema ameshiba. Bibi yake anambeba, anasema mbona mzito huyu. Majirani wanamshika mashavu, wanasema mnene. Kila mkono uliomshika ulisema mtoto mzima. Nikamtundika kwenye mizani hii, mshale ukasema amepungua, na mwezi uliofuata amepungua tena. Walinikasirikia. Nikawaambia kasirikeni, ila mtoto anakwenda kituo cha afya leo. Mngeendelea kuamini mikono, tungekuwa tumeshamzika.

— Yuko wapi sasa? nikamuuliza.

— Yuko kwao anapiga kelele. Anajaza kaptula.

Usumani alisikiliza, lakini mtu aliyezeeka na jambo haliachi kwa hadithi moja.

— Sikatai, akasema. Ila msidharau mikono. Babu yangu aliuza nguo mji huu kwa dhiraa, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, na hakuna mteja aliyelalamika. Alikuwa na akili, babu. Aliweka wasaidizi wawili dukani. Mmoja mrefu, mikono mpaka magotini. Mwingine mfupi. Yule mrefu alimtuma kununua majora kwa wenye magari. Yule mfupi alimweka kaunta.

— Kwa nini? Sepetu akauliza.

— Ee, ndugu yangu. Nguo inaingia kwa mkono mrefu, inatoka kwa mkono mfupi. Kila jora linazaa.

Watu wakacheka, hata Mukashema. Mimi nilikuwa namimina, nikasita, birika hewani.

— Mzee, nikasema. Na mchele wako unaingia kwa mikono ya nani?

— Mchele gani?

— Huu wa fitri. Wanaouleta, nani anaupima nyumbani kwao?

— Kila nyumba inajipimia. Akina mama. Kwa Zabibu ni yule binti yake mdogo anachota. Kwa hajati ni yeye mwenyewe, na vidole vyake vile vya ugonjwa.

— Na kugawa? Mwaka jana nani alichota?

Sote tulikuwa tumeshageuka kumwangalia Sepetu, ambaye kila mwaka hujitolea kubeba magunia, na mwaka jana akachota pia, kwa sababu ana nguvu na kwa sababu anapenda kuwa karibu na mahali chakula kilipo. Alikuwa anatafuna kipande cha chapati. Akaacha kutafuna.

— Nini? akasema.

Mukashema akatoa mizani, akaitundika kwenye boriti ya kibaraza, akafungia ile kaptula ya watoto, akazungusha skrubu yake mpaka mshale ukasimama kwenye sifuri bila uzito wa kaptula. Akaomba kifuko. Usumani alikuwa ameshona vifuko vya mabaki ya vitenge kwa ajili ya kugawia, akampa kimoja.

— Kaliza, chota wewe. Pishi moja.

Nikanawa, nikafuta mikono kwa kanga, nikaunganisha viganja, nikachota mara nne kwa uaminifu wangu wote. Kifuko kikaingia kwenye kaptula, kikabembea. Mshale ukapita kilo moja na nusu kidogo, ukasimama.

— Kubwimana, chota wewe.

— Mimi sitaki.

— Chota, ndugu yangu, Usumani akamwambia.

Akachota. Mara nne, polepole, anajaribu kubana vidole ili viganja viwe vidogo, lakini mkono wa kubebea mageti unabanwa vipi. Mshale ukapita kilo mbili, ukapita mbili na nusu, ukapita tatu, ukasimama ukitetemeka.

— Tatu na robo, Mukashema akasoma.

Mchele ulikuwa umeingia kwa mikono ya akina mama na watoto, ukatoka kwa mikono ya Sepetu. Mwizi hakuwepo wala panya. Kila aliyetoa alitoa pishi yake kwa haki, na kila aliyepewa alipewa pishi yake kwa haki, na mwanamke mmoja akarudi na beseni tupu.

Sepetu akakaa. Benchi langu likalia.

— Mimi nilikuwa nafurahi, akasema. Watu walikuwa wananiambia, Kubwimana, Mungu akubariki, uko na mukono ya kutoa. Na mimi nachota sana. Kumbe nilikuwa natoa chakula ya bibi.

— Hukujua, Usumani akamwambia.

— Kutojua haikumushibisha.

Sijawahi kumwona mtu yule vile. Ana mwili wa kusimamisha lori, na alikuwa anaficha mikono yake katikati ya magoti. Nikampa kahawa, akakataa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwake kukataa kitu changu.

Usumani akavua kofia yake, akaivaa tena. Ni kawaida yake anapoamua jambo.

— Haya, akasema. Kilo mbili na nusu. Kila kifuko, kila mtu, bila kuzidi na bila kupungua. Mukashema, soma wewe. Kubwimana, simama, wewe ndiye unayemimina, ila kwa kikombe. Rutayisire, funga vifuko.

— Kilo mbili na nusu, Futi akanong'ona, ni kama pauni tano na nusu.

— Futi, nikamwambia.

— Nafunga, dada, nafunga.

Tukafanya kazi. Mimi mwenyewe nilishika kifuko mdomo wazi huku Sepetu akimimina, kikombe, kikombe, mwishoni punje kwa punje, na Mukashema akiinamisha kichwa kusoma mshale. Ukizidi kidogo anasema punguza. Ukipungua kidogo anasema ongeza, na Sepetu anaongeza kwa vidole viwili, kama mtu anayetia chumvi mboga ya mgonjwa. Futi alijaribu mara moja kusema hiyo inatosha, jicho lake linaona. Mukashema akamwambia jicho lake libaki kwenye matofali. Na lazima niseme ukweli, kazi ilikwenda vizuri. Hakuna aliyebishana. Mshale ukisema imetosha, imetosha, hata angekuwa anachota mtoto au jitu. Ningependa mshale wa namna ile kwenye mambo mengi ya benchi hili.

— Kilo hii, Usumani akauliza, ndiyo hiyohiyo Bujumbura?

— Ndiyo hiyohiyo, Mukashema akajibu.

— Na Bukoba?

— Na Bukoba, na huko pwani kwa babu yako.

— Hata mlimani? Futi akauliza.

Nikamsukumia kifuko kingine afunge.

Vifuko vikajaa kibarazani, vya kila rangi, vimepangana. Usumani akavitazama, na kwa mara ya kwanza jioni ile akainua kikombe chake na kunywa, kahawa ya baridi.

— Sasa sikilizeni. Mwaka huu hatungoji asubuhi, wala hatungoji mtu aje na chombo. Tunapeleka leo hii. Na tunaanzia nyumba ya mwisho. Mchele ukipungua, upungue huku karibu, nikimbie nikanunue mwingine. Kule haupungui. Umepungua mara moja, inatosha.

— Mimi nabeba, Sepetu akasema.

— Utabeba vya huku juu. Kule chini njia ni ya matope, tutafute motari.

Mwenye pikipiki huyo hakuwa mbali. Alikuwa amesimama palepale kando ya jiko langu, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, helmeti moja kichwani na nyingine mkononi, anangoja nimuuzie kahawa, maana kwa kilo zao nilikuwa nimemsahau mteja. Sikuwahi kumwona. Aliniambia anaitwa Ngabo, kwao ni upande wa Kacyiru, amemshusha mtu hapa juu akasikia harufu. Nikammiminia kikombe kilichojaa kwa kumwomba radhi.

— Ngabo, ndugu yangu, Usumani akamwambia, kuna mzigo. Ni hapa tu, ukivuka lami unashuka, nyumba yenye geti la bati jekundu. Mwite Bibi Mukunde. Mwambie ni fitri kutoka mtaani. Usiseme imetoka kwa nani.

— Sawa, mzee. Nipakie vingapi?

— Kimoja kwa kila mtu. Kila kifuko kina kilo mbili na nusu kamili, hata ukipima mwenyewe.

— Vizuri, Ngabo akasema. Akanywa funda, akafuta ndevu. Na pale kwa bibi wako watu wangapi?

Usumani akafungua mdomo. Nilimwona anatafuta. Nyumba zote za mtaa anazo kichwani, kwa Zabibu watano, kwa hajati watatu na mgeni, anakutajia bila kufikiri. Akageuka kwangu.

— Kaliza. Bibi si alikuwa na mjukuu?

— Alikuwa naye, nikasema. Yule binti. Kisha nikasikia ameolewa. Au ni mwingine aliyeolewa.

— Kulikuwa na watoto wa marehemu ndugu yake, Futi akasema. Waliletwa. Lakini sijui kama walikaa.

— Mukashema?

— Ng'ambo ya lami si mudugudu wangu, mzee. Wana mhudumu wao.

— Kubwimana?

Sepetu akatikisa kichwa, macho chini.

Bibi yule alikuwa anakuja kwangu kununua kahawa ya kubeba, kila Ijumaa. Sikumbuki Ijumaa gani aliacha. Sikumuuliza mtu. Na nikawaangalia wenzangu, nikaona kila mmoja anatafuta Ijumaa yake.

— Mimi, Usumani akasema taratibu, tangu Idi ile napita barabara ya juu. Nazunguka. Nilikuwa namwonea haya.

— Hata mimi, Sepetu akasema.

Ngabo alikuwa anatutazama mmoja mmoja, hajui amesema nini kibaya. Alidhani hatukumsikia.

— Nauliza tu nijue vya kupakia, akasema. Wawili? Sita?

Mizani ilikuwa inaning'inia palepale, mshale kwenye sifuri. Hakuna aliyeiangalia.

Usumani akanyoosha mkono, akaomba ile helmeti ya pili. Akaivaa juu ya kofia yake, ikakaa vibaya, akaivua, akaiweka kofia mfukoni, akavaa tena. Akapanda nyuma ya Ngabo bila kifuko hata kimoja.

— Nipeleke, akasema. Nikamuulize mwenyewe.

Pikipiki ikavuka lami. Sepetu akatupa gunia begani, la vifuko vyote vilivyoingia, akaanza kushuka kwa miguu, palepale kwenye matope. Futi akamfuata akiwa na tochi ya simu. Mukashema akasema ngojeni, akachukua mfuko wake. Nami nikazima jiko, nikafunika birika, kahawa ikiwa bado nusu, nikajitanda kanga, nikawafuata. Mlangoni kwa bibi nikajikwaa: nyumba ile ina kizingiti kirefu, nilikuwa nimesahau.